Pigano limesukumwa: mpiga ngumi wa Goma na kazi ya kungoja

GOMA – Asubuhi, mwangaza ukishafika juu ya ziwa, kijana mmoja wa mtaa wa Ndosho anatoka mbio kwenye barabara ya mawe ya volkano. Ana miaka 22. Zamani alikuwa anakimbia saa kumi za usiku, wakati barabara iko tupu. Siku hizi anangoja jua. Usalama haumruhusu kutoka gizani, na mama yake anamkataza kuliko hata usalama.

Ni mpiga ngumi wa kilo 63. Jina lake halitajwi hapa kwa sababu ameomba hivyo mwenyewe: anasema watu watalijua siku atakaposhinda. Familia yao ilikimbia kutoka Masisi, ikapita kambini, na sasa watu wanane wanalala katika chumba kimoja cha mbao kwa ndugu ya baba. Mchana anasukuma chukudu, anabeba makala na viazi hadi sokoni. Jioni anaenda mazoezini. Pigano lake kubwa, la kwanza ambalo watu watalipa franga ili kuliona, lilikuwa lifanyike kati yake na kijana wa Bukavu. Limesukumwa mara mbili. Mara ya kwanza mashua hazikutembea. Mara ya pili tarehe ilipita bila mtu kueleza sababu. Sasa hakuna tarehe.

« Papa, siko naogopa yeye », alimwambia kocha wake wiki ileile, akiwa ameketi juu ya jiwe na bandeji bado mikononi. « Niko naogopa kungoya. »

Kocha ni mzee wa zaidi ya miaka 60, aliyepigana Bukavu katika ujana wake. Hakujibu mara moja. Alimwambia kwanza avae shati. Kisha akamwuliza Foreman alishindwa siku gani. Kijana anajua tarehe hiyo kama watoto wengi wa ngumi katika Kongo: tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa.

« Hapana, mutoto yangu. Ile siku alianguka tu. Kushindwa, alishindwaka mbele. »

Wazee wanakumbuka. Huku mashariki saa yetu inatangulia ile ya Kinshasa, kwa hiyo pigano lililoanza kule saa kumi alfajiri, ili Wamarekani walione jioni kwao, huku lilianza saa kumi na moja. Kocha alikuwa mtoto, na baba yake alimwamsha asikilize redio. Lakini anachopenda kueleza si raundi nane za usiku ule. Anapenda kueleza wiki tano zilizotangulia.

Pigano lilikuwa limepangwa tarehe 25 Septemba. George Foreman alikuwa na miaka 25, mapigano 40, hakuna hata moja alilopoteza, na 37 aliyamaliza kwa kumwangusha mtu. Joe Frazier alimwangusha mara sita katika raundi mbili tu. Ken Norton naye hakumaliza raundi mbili. Na hao wawili, Frazier na Norton, kila mmoja alikuwa amewahi kumshinda Muhammad Ali. Ali alikuwa na miaka 32, na miaka zaidi ya mitatu ya nguvu zake ilikuwa imepotea alipofungiwa kwa kukataa kwenda vita vya Vietnam. Waandishi wengi waliofika Kinshasa waliogopa ataumizwa vibaya.

Tarehe 16 Septemba, kiwiko cha mtu aliyekuwa akifanya mazoezi na Foreman kilimpasua juu ya jicho la kulia. Pigano likasukumwa. Wanamuziki waliokuja kwa tamasha kubwa waliimba siku zao wakarudi kwao. Mabondia wawili walibaki, kila mmoja akiwa na dola milioni tano zinazomngoja na siku nyingi za kukaa bure.

Hapo ndipo kocha anapoinua kidole. Jicho bichi haliwezi kupigwa tena, kwa hiyo Foreman alikaa siku nyingi bila mazoezi ya kupigana na mtu. Nchi ilikuwa imemchosha. Alikaa hotelini, mbali na watu. Alikuwa amekuja na mbwa mkubwa wa Kijerumani, wa aina ileile ambayo polisi ya Wabelgiji iliwatumia juu ya raia, na wakaaji wa Kinshasa hawakumpendea jambo hilo. Huenda hakuna mtu aliyemwambia. Miaka mingi baadaye alikiri kwamba aliingia ulingoni akiamini kazi itakuwa fupi.

Ali alipata wiki zilezile tano, katika joto lilelile. Alikaa N'Sele, kando ya mto, anakimbia alfajiri, anasimama kuongea na kila mtu, mpaka mji mzima ukawa unamwimbia kwa Lingala amuue mwenzake. Ni kweli pia kwamba Ali alizaliwa na mdomo ambao hakuna mazoezi yanayoweza kumpa mtu. Kijana wa Ndosho ni mnyamavu, na kocha hamwombi awe Ali.

Anachomwomba ni kitu kingine. Kabla ya kuja Afrika, kwenye kambi yake ya Deer Lake huko Pennsylvania, Ali alikuwa anajiegemeza kwenye kamba na kuwaacha wenzake wampige mbavu na mikono. Waliomtazama wengine walidhani ni uvivu. Usiku wa Kinshasa, raundi ya kwanza, alimpiga Foreman kwa mkono wa kulia mara nyingi na Foreman hakuanguka. Raundi ya pili Ali akarudi kwenye kamba. Mwalimu wake mwenyewe, Angelo Dundee, alikuwa anapiga makelele atoke pale. Hakutoka. Foreman alipiga mpaka mikono ikawa mizito, na katika raundi ya nane akaanguka. Watu wanabishana hadi leo kama Ali alipanga vile au aliamua palepale. Kocha anaona ubishi huo hauna maana: mwili hauwezi kuvumilia usiku mmoja jambo ambalo haujavumilia mara nyingi kabla.

Kijana alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo si rahisi. Ali alikuwa na tarehe mpya. Yeye hana. Utajitayarishaje kwa siku isiyojulikana?

Kocha hakumtafutia hadithi ya zamani. Alimkumbusha Martin Bakole, mwana wa Kananga. Mwezi wa Februari 2025, pigano la Riyadh lilipobakiza siku mbili, Daniel Dubois alijitoa. Bakole alikuwa hapa Kongo. Simu ikalia, akapanda ndege, akafika siku yenyewe ya pigano, akaingia ulingoni na kilo zaidi ya 140 kupigana na Joseph Parker. Alisimamishwa raundi ya pili. Ni mtu yuleyule ambaye miezi michache mbele yake alimvunja Jared Anderson huko Los Angeles katika raundi tano. Kocha hamcheki, na hapendi wanaomcheka. Mtu akiitwa namna ile, na pesa ile iko mezani, nani atakataa? Lakini nguvu zilikuwa zilezile na ngumi zilezile. Kilichokosekana ni wiki.

« Wewe, bakikuita kesho, uko na kilo ngapi? »

Kijana alinyamaza. Hapo mazungumzo yalifika mahali penyewe.

Mabondia wa ng'ambo wanateseka kupunguza kilo. Huyu anateseka kuzipata. Kila Jumamosi anapanda kwenye mizani ya muuza maharagwe, ambaye hamlipishi, na wiki ile mizani ilionyesha 61. Kocha alijua mama yake anampakulia sahani kubwa kuliko wengine, kwa sababu mama mwenyewe ndiye aliyemwambia. « Kula, Papa », anamwambia mwanawe, maana amebeba jina la baba yake mama. Basi chakula kinaenda wapi?

Kinaenda kwa wadogo. Yule wa mwisho ana miaka sita, na anakaa mbele ya sahani ya kaka yake bila kuomba kitu, akitazama tu. Mama akigeukia moto, fufu na sombe zinahamia upande wa pili.

Mtu anayejitayarisha kwa pigano kubwa anatakiwa awe mchoyo kidogo. Anakula kwanza, analala peke yake, hataki kelele, hataki habari mbaya. Wote wanaomzunguka wanaishi kwa ajili yake miezi miwili, mitatu. Ni desturi ya ngumi kila mahali, na bila hiyo ni vigumu kushinda. Lakini nyumba ya watu wanane waliokimbia vita haijui desturi hiyo. Usiku mtoto analia, mtu anakohoa, simu inaleta habari ya kijiji kilichochomwa. Kijana anasema akilala anamwona mpinzani wake wa Bukavu mara chache sana. Anaona barabara ya kutoka Masisi.

Kuhusu woga, kocha anarudia neno la Cus D'Amato, yule mzee aliyemfundisha Mike Tyson: woga ni kama moto, ukiuongoza unakupikia, ukiuacha unakuchomea nyumba. Wanafunzi wake wanacheka, kwa kuwa wanaishi chini ya Nyiragongo. Kijana huyu hacheki. Amesema woga wa ulingo ni mwepisi, una kengele ya kuanza na kengele ya kumaliza.

Kocha hakumgombeza juu ya sahani. Alibadilisha mambo mawili tu. Jumanne na Ijumaa, baada ya mazoezi, kijana anakula kwake, mbele ya macho yake, sambaza na ugali hadi mwisho. Mke wa kocha anaweka pia kitu ndani ya kikopo kwa yule wa miaka sita, ili sababu ya kugawa iishe. La pili ni kuhusu tarehe. Kwa kuwa hakuna aliyewapa, wamejipa yao: kila Jumamosi ya nne ni siku ya pigano. Anapimwa kilo, anapumzika mchana, anafungwa bandeji, anapigana raundi sita na wenzake watatu wanaopokezana wakiwa wabichi. Kisha wanaanza tena kuhesabu.

Jumamosi ya kwanza ya namna hiyo alichoka raundi ya nne na akapasuka mdomo. Ya pili alimaliza zote sita akiwa amesimama, ingawa mwenzake mmoja anadai alikuwa anamhurumia. Mizani ya maharagwe ilisema 62.

Jioni ile simu yake ilipokea ujumbe kutoka Bukavu, kutoka kwa mpinzani mwenyewe. Hawajawahi kuonana. Namba walipeana siku pigano lilipopangwa mara ya kwanza.

« Uko bado na kilo? »

Kijana alitazama mizani, akamtazama kocha, akaandika: « 63. Na wewe? »

Jibu lilichukua muda mrefu kufika. « Mimi pia », aliandika yule wa Bukavu. Kocha aliposomewa alicheka sana, akasema huyo naye anadanganya.