Mchunga Madume

Kazi yangu ya kwanza Kariandusi ilikuwa kuchunga madume peke yao. Wenzangu walikabidhiwa majike na wana-kondoo, wakawa wanashuka nao kila asubuhi upande wa Ziwa Elementaita. Mimi nilipandishwa mlimani na kondoo dume pamoja na mabeberu, mbali kiasi kwamba upepo usingefikisha harufu yao kwa majike. Wakati ule barabara kuu ya Nakuru ilinivutia kuliko mifugo, lakini msimamizi wa shamba alinieleza jambo lililonibakiza: majike wakikaa wiki kadhaa bila kumwona dume wala kumnusa, halafu wakaletewa ghafla, wengi wao huingia joto kwa wakati unaokaribiana. Basi umbali ule niliokuwa naulinda ndio uliopanga uzazi wa shamba zima.

Hesabu huanzia kwenye nyasi, ikarudi nyuma. Kondoo hubeba mimba kwa miezi 5 hivi, karibu siku 150, na mbuzi hali kadhalika. Mvua ndefu huku kwetu hukolea Aprili. Kwa hiyo dume aliingizwa katikati ya Novemba, majike wakiwa wamenenepa kidogo kwa mvua za vuli, ili wazae katikati ya Aprili nyasi zikiwa zimeshachipua. Dume akiachwa zizini mwaka mzima, atapanda hata Agosti, na wana-kondoo watazaliwa Januari, kiangazi, wakati kilichobaki kijani ni vichaka vya leleshwa. Nimewaona wana-kondoo wa Januari. Wanavuta chuchu, wanaigonga kwa kichwa, wanavuta tena, na mama anasogea kando kwa sababu hana cha kutoa.

Dume alikaa na majike wiki 6, kisha akaondolewa. Kondoo jike asiyeshika mimba hurudia joto baada ya siku 17, mbuzi baada ya siku 21, kwa hiyo wiki hizo 6 zinampa kila mmoja nafasi ya pili. Kabla ya kumwingiza dume tulimpaka kifuani udongo mwekundu uliokorogwa na mafuta. Jike aliyepandwa alibaki na alama juu ya matako. Baada ya siku 17 tulibadilisha, tukatumia masizi ya chungu, na hapo ndipo nilipokuwa nikikodoa macho: jike mwekundu aliyepata na weusi juu yake hakushika mara ya kwanza. Wakiwa wengi namna hiyo, kasoro si ya majike; ni ya dume. Kazi hiyo ilitaka kufanywa asubuhi na mapema, kwa maana vumbi jeupe la machimbo ya daiatomaiti lilipopeperuka mchana, liliwafunika wote.

Utengano ninaoupigania zaidi, hata hivyo, ni wa watoto. Watu humtazama beberu mdogo anayekimbilia chuchu wakasema huyu bado mtoto. Akifika miezi 4 anaweza kumpa mimba dada yake, na hata mama yake. Mimi huwatoa wa kiume wakiwa na miezi 3, nao wasiofaa kuwa mbegu huhasiwa. Nilipoanza kuwashauri wafugaji wadogo, mama mmoja aliniita usiku. Mbuzi wake mchanga alikuwa amelala ubavu, kwato mbili za mtoto zimetokeza, na nyonga ya mama ni nyembamba kuliko kichwa kilichokuwa kinakuja. Tulimwokoa mbuzi, mtoto alikufa. “Sasa baba, nani alimpanda, na mimi sina beberu?” aliniuliza. Pale pale zizini alikuwa amesimama kaka yake yule mbuzi, wa mzao uliotangulia. Jike mdogo asubiri angalau afikishe thuluthi mbili za uzito wa mbuzi mzima wa aina yake, na njia ya kumfanya asubiri ni kumtenga na dume.

Lakini ua wa senyenge una gharama, na kwenye maji mifugo ya kila mtu huchanganyika. Jibu la hilo nililipata kwa Wamasai. Mzee mmoja alimfunga dume wake kipande cha ngozi chini ya tumbo, kikining'inia mbele ya uume, akamwachia achungwe pamoja na majike. “Kijana, wewe unamfukuza mlimani,” aliniambia. “Mimi namvalisha.” Anampanda jike, ila hafiki. Kwa mtu mwenye kondoo wachache na asiye na mchungaji wa pili, sijaona njia bora kuliko hiyo.

Wamasai walikuwa na sababu nyingine ya kulinda madume. Kondoo wao mwekundu huhimili minyoo ya tumboni kuliko Dorper, aina iliyotengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn na Blackhead Persian. Dorper hukua haraka, sokoni anapendwa, na madume wake wakaachiwa kila mahali. Leo kumpata kondoo mwekundu asiye na damu ya Dorper kunataka kutafuta hasa. Naumia nikiwaza kwamba uwezo uliojengeka kwa vizazi unaweza kufutwa na dume mmoja asiyefungwa ngozi.

Siku hizi mvua hazifuati kalenda. Vuli za 2020, 2021 na 2022, ambazo mvua zake zilipungua sana, ziliwafundisha wengi hivyo, hasa kaskazini. Ndiyo maana Novemba ikifika siamui kabla ya kupitisha vidole juu ya uti wa mgongo wa majike, nyuma ya ubavu wa mwisho. Mifupa ikinichoma kiganja, dume anabaki na ngozi yake hadi walishwe wakajaa.

Kijijini kwetu tumekubaliana majirani kadhaa kutenga kwa tarehe moja na kubadilishana madume kila baada ya miaka 2, kabla binti zao hawajafika umri wa kupandwa. Anayekuja kwangu mwaka huu ni mwekundu, ametoka upande wa Gilgil, na nimeshamtengenezea ngozi yake.