Lete ya Zamani

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja kunieleza kwamba gia boksi ya pikapu yake imekufa. Ni Hilux ya dizeli, otomatiki, aliyoinunua kwa mtu Changamwe. Asubuhi ilikuwa inachelewa kuingia gia, na ikibeba mzigo inashtuka kila inapobadilisha. Gereji moja ikampigia hesabu ya gia boksi nzima ya mtumba, na alikuwa ameshaanza kuulizia mkopo. Nikamuuliza filta ilibadilishwa lini. Akanitazama.

"Mjomba, kwani gia boksi ina filta?"

Amezaliwa na kulelewa Kisauni, Mombasa, karibu kabisa na ua ambamo babu yake alikuwa akifungua gari chini ya mkungu kila alipopata nafasi. Swali lile lilinikaa rohoni siku nzima.

Babu yake, yaani baba yangu, hakuwa fundi. Alikuwa mchukuzi wa mboga, kabichi na nyanya kutoka Wundanyi, akiteremka Mwatate, akitokea Voi, mpaka soko la Kongowea. Gari lake la kwanza la maana lilikuwa pikapu ya Pijo 504 ya dizeli, katika zile zilizounganishwa hapa hapa Kenya. Nimejaribu kuupata mwaka aliolileta nyumbani. Peugeot walianza kutoa pikapu hiyo 1979, daraja jipya la Nyali lilifunguliwa 1980, na mimi nakumbuka Pijo ikipita juu ya daraja jipya, si lile la kuelea. Kaka anashikilia 1982, mama alisema 1984. Na iwe mwaka wowote.

Pijo ilikuwa na gia boksi ya mkono, na gia boksi hiyo ilikunywa oili ile ile ya injini. Baba alinunua debe moja, akagawa: injini kwanza, gia boksi baadaye, kinachobaki kinawekwa darini. Filta hakuna. Unafungua nati ya chini, unaacha oili imwagike kwenye karai la mama (ambaye alipiga kelele kila mara, na kila mara karai likarudi jikoni limesuguliwa kwa majivu), unafunga, unajaza mpaka oili ianze kutoka kwenye tundu la ubavuni. Lakini kabla ya kuimwaga ile chafu, baba alichovya vidole viwili, akavisugua, akanusa, kisha akanipa mimi nisugue. "Unasikia mchanga?" Kama nilisikia chembe, tulikaa hapo mpaka tumejua zimetoka wapi. Kwake yeye oili iliyotoka ilikuwa na thamani kuliko iliyoingia, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na habari.

Spea tulinunua Mwembe Tayari, kwenye duka la mlango mmoja la mzee wa Kibohora. Baba alimwita Bhai, naye alimwita baba Bwana Mboga. Nje jua linachoma, ukiingia ndani huoni kitu kwa muda, pua ndiyo inayotangulia: mpira mpya, grisi, karatasi ya nta, koki ya gasketi, na juu ya yote ubani aliouchoma alfajiri. Macho yakizoea giza unamwona yeye nyuma ya kaunta ya kioo, kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, miwani imefungwa kwa uzi, birika la kahawa pembeni. Nyuma yake rafu zilipanda mpaka kwenye boriti, kila boksi limeandikwa kwa kalamu ya wino, kwa Kigujarati upande mmoja na nambari upande wa pili.

Hakuuza kitu kwa kutajiwa jina. "Lete ya zamani," alisema, hata kabla hujamaliza salamu. Ukileta, aliiweka juu ya gazeti, akaifuta kwa tambara lenye mafuta ya taa, akaigeuza, akaitazama mdomo na kitako. Kisha alipanda ngazi, akashuka na mpya, akaziweka sambamba, akapima matundu ya bolti kwa kalipa. Zikitofautiana hata kidogo alikurudisha nyumbani bila kukuuzia. Nimewaona watu wazima wakimbembeleza wakiwa na pesa mkononi, naye akikataa.

Gasketi isiyokuwepo aliitengeneza palepale. Alitandaza karatasi ya gasketi juu ya kifuniko chenyewe, akagonga pembezoni kwa nyundo ndogo ya kichwa cha duara, taratibu, tik, tik, tik, na ukingo wa chuma ukaikata karatasi kutoka chini. Matundu ya bolti aliyatoboa kwa kuweka golori ya beringi juu ya kila tundu na kuigonga mara moja. Ilikuwa kazi ya nusu saa, na hakuifanya huku akizungumza. Ile gasketi ilikaa. Siku hizi fundi anafinya silikoni kutoka kwenye tyubu, anabana bolti, anapokea pesa.

Pijo ilipochoka, mwishoni mwa miaka ya 1990, kaka akaleta Hilux ya dabo kabini, dizeli, imetumika Japani, otomatiki. Baba aliingia, akakaa, akakitafuta kikanyagio cha klachi kwa mguu wa kushoto. Hakukipata. "Gari lisilo na klachi litapandaje Wundanyi na kabichi?" Kwetu ilikuwa ajabu mpya, ingawa Marekani gia boksi za namna hiyo zilikuwa zikiuzwa ndani ya Oldsmobile za mwaka 1940, baba akiwa bado mtoto.

Kaka alipeleka swali hilo Mwembe Tayari, na Bhai hakulijibu kwa maneno. Alimwambia akanakili kodi kwenye kibao cha chuma kilicho kwenye ukuta wa injini. Wiki iliyofuata alituwekea juu ya gazeti filta kuukuu aliyoipata kwa fundi fulani, akaipasua kwa mkasi wa bati. Ndani mlikuwa na wavu mwembamba wa chuma, na juu ya wavu tope jeusi. Akachukua kisahani cha klachi, zile za ndani zisizo na kikanyagio, kutoka kwenye gia boksi iliyokufa, akaukwaruza uso wake kwa ukucha. "Hii ya juu ni karatasi. Karatasi iliyobanwa na gundi. Ndiyo inayobeba kabichi zenu."

Kisha akaeleza, na sijapata kuelezwa vizuri zaidi tangu hapo. Mlimani, gari likienda polepole na mzigo, konveta, chombo cha oili kinachokaa mahali pa klachi ya mguu, inateleza, na kuteleza kunazaa joto. Oili nyekundu inalibeba joto hilo kwa bomba mpaka chini ya rejeta, inapoa, inarudi. Karatasi za klachi zinachakaa kidogo kidogo, vumbi lake linaingia kwenye oili, filta inalishika. Filta ikijaa, pampu inavuta kwa taabu, presha inashuka, klachi hazibani sawasawa, zinateleza, zinazaa joto na vumbi zaidi. "Haifi siku moja," alisema. "Inakufa mwaka mzima, na mwenyewe hajui." Akaongeza onyo la rejeta: ikitoboka ndani, maji yanaingia kwenye oili, oili inageuka ya waridi na nzito, na gundi ya karatasi inaachia.

Tuliifungua ile Hilux chini ya mkungu, baba akisimamia kutoka kwenye kiti cha kamba. Tuliipandisha kwa jeki, magogo ya mvule chini ya fremu, mawe kwenye magurudumu. Oili ya nati ya chini ilitoka nyekundu iliyofifia. Bolti za sampu, lile bati la chini linaloshika oili, ni ndogo, za spana namba 10, na kaka alizitoa zote isipokuwa za pembe moja, sampu ikaning'inia na kumwaga iliyobaki upande mmoja, ndani ya karai. Ukizitoa zote kwa pamoja, oili inakuja usoni. Sampu ilikuwa imeganda kwenye gasketi, tukaiachia kwa kisu butu cha mezani bila kukwaruza uso wa bati.

Ndani ya sampu mna sumaku. Baba alishuka kitini kwa ajili ya sumaku hizo. Zilikuwa na ndevu za kijivu, laini, zinazopakaa kidole. Alizisugua muda mrefu. Uji wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyochoma kidole ni meno au beringi, na hapo filta haisaidii. Alinusa na oili: ikinuka mkate ulioungua, klachi zimekwisha. Yetu haikunuka. "Nzima," akasema. Hilo ndilo alilotaka kulijua kuhusu gari lisilo na klachi, na tangu siku hiyo aliliamini.

Filta mpya ikafungwa, sampu ikaoshwa kwa petroli na kukaushwa kwa tambara lisilotoa nyuzi, gasketi mpya, bolti zikabanwa kwa kupokezana pembe kwa pembe na kwa mkono mwepesi, maana nyuzi zake zinaingia kwenye aluminiamu na zikiliwa umepata kazi nyingine. Oili ilirudishwa kwa faneli nyembamba kupitia tundu la stiki ya kupimia. Kwenye gia boksi ya namna ile ukimwaga sampu unapata lita 2 hivi kati ya zaidi ya 7, nyingine inabaki ndani ya konveta, kwa hiyo tulimwaga tena baada ya safari, na tena. Stiki ilipimwa gari likiwa limepata moto na linanguruma, baada ya kupitisha gia zote. Baba akaandika kilomita kwenye plasta, akaibandika ndani ya mlango. Gari hilo kaka aliliuza miaka mingi baadaye na gia boksi ile ile iliyotoka nayo Japani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Baba alifariki. Bhai alifariki, wanawe wakahamia kwingine, na duka sasa linauza simu. Spea zinaagizwa kwa kutuma picha, na anayekuuzia anakuuliza unataka "OG", yaani halisi, au ya bei nafuu. Boksi zinafanana, filta hazifanani. Stiki imeondolewa kwenye gia boksi nyingi, na kiwango kinapimwa kwa oili kumwagika kwenye tundu la chini ikiwa kwenye joto maalumu, kazi inayofanyika nyumbani ukiwa na subira na kifaa cha kusoma joto. Wenye gereji wengi hawapimi. Wanamimina oili nyekundu yoyote, ingawa mtengenezaji ametaja aina yake. Chafu wanaimwaga mtaroni na mtaro unaishia kwenye hori ya Tudor, ambako watu wanavua. Baba aliipaka kwenye nguzo za ua dhidi ya mchwa, na hakuna tone lililofika mtaroni.

Sampu ya pikapu ya mpwa wangu tuliifungua sisi wenyewe. Kwenye mdomo wa filta kulikuwa na nyuzi za silikoni ya bluu, zimevutwa na pampu mpaka zikaukaba. Mtu alishaifungua gia boksi ile, akaifunga kwa silikoni, na filta akaiacha ile ile. Sumaku zilikuwa na uji, hazikuwa na vipande. Tulibadilisha filta na oili, na sasa haishtuki na mzigo, ila asubuhi bado inasita kidogo, kwa hiyo kuna klachi iliyopunguka na ataendelea nayo kwa uangalifu. Mkopo hakuuchukua.

Linaloniudhi kuliko yote ni lile neno analoambiwa kila mnunuzi siku hizi, kwamba oili ya gia boksi ni ya maisha. ZF, Wajerumani wanaotengeneza gia boksi ya kasi nane iliyomo kwenye pikapu ya Amarok ya kizazi cha kwanza, wenyewe wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, na filta yao imeungwa ndani ya sampu ya plastiki, vinabadilishwa pamoja. Viwanda vya magari vinavyoandika "maisha" vinamhesabia mnunuzi wa kwanza. Gari likishushwa kwenye bandari ya Kilindini huenda tayari limeshazipita kilomita hizo, na kazi ya kupanda Wundanyi na mzigo haijaanza.