Nguzo za Wenye Nchi

Wako watu wadhanio kuwa bustani ya watu wote ni mahali pa kupumzisha miguu tu. Mimi nalikwenda Stanley Park, katika mji wa Vancouver huko Kanada, nikatoka na fundisho.

Bustani ile ilifunguliwa mwaka 1888, na ukubwa wake ni hektari 400 hivi. Ndani yake mna ziwa liitwalo Lost Lagoon. Zamani maji yale yalikuwa ya bahari, yakijaa na kupwa, na wenyeji wakiokota kombe matopeni. Mwaka 1916 likajengwa tuta la barabara, bahari ikazuiwa. Baadaye pembeni pakatengenezwa kinamasi chenye matete, ili mimea ichuje uchafu wa barabarani kabla maji hayajaingia ziwani. Mkulima aonaye kinamasi kuwa shamba lililopotea na alitafakari jambo hilo.

Kutoka hapo nalitembea mpaka Brockton Point, zisimamapo nguzo tisa za kuchongwa, zenye sura za tai, dubu na nyangumi. Hizo si miungu ya kuabudiwa, kama wengi walivyodhani. Ni nasaba, hueleza ukoo ni upi na ulitoka wapi. Nguzo nne za kwanza zililetwa katika miaka ya 1920 kutoka Alert Bay, mbali kaskazini, kwa watu wa kabila jingine. Miaka hiyo hiyo jamaa waliokuwa wakikaa Brockton Point walishitakiwa kwamba ardhi si yao. Yaani mchongo wa mbali ulikaribishwa, na mwenyeji akaambiwa ahame.

Heshima ilichelewa, lakini ilifika. Mwaka 2008 yalisimamishwa malango matatu ya Bibi Susan Point, wa kabila la Musqueam. Mwaka 2009 Bwana Robert Yelton, wa kabila la Squamish, alisimamisha nguzo kwa ukumbusho wa mama yake, aliyepata kukaa papo hapo.

Ndipo nilipokumbuka vigango vya Wamijikenda. Navyo huwekwa kwa heshima ya wafu, na desturi ni kuviacha vioze mahali pake. Lakini vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa Kenya kutoka Marekani. Ndugu msomaji, mgeni akija na fedha kutaka mchongo wa babu yako, jiulize kwanza: ukiisha kuondoka, ni kitu gani kitakachowaambia wajukuu kwamba tulikaa hapa?