Eti Ni Chaguo Langu Tu

Juzi kazini hapa Minneapolis, saa ya chakula, kijana mmoja wa zamu yetu alikuwa anaperuzi simu akitafuta mchumba. Kidole kushoto, kushoto, kushoto. Nikachungulia. Kila dada mweusi anaondolewa kabla picha haijafunguka vizuri. Nikamuuliza, hata huyu daktari? Akacheka: "Usinielewe vibaya, si ubaguzi. Ni chaguo langu tu." Na mimi nimeketi mbele yake, mweusi tii, nakula wali wangu wa jana.

Nilikereka hadi jioni. Si kwamba namtaka, Mungu apishe mbali! Kinachoniudhi ni kwamba hilo "chaguo langu" linafanana mno na la jirani yake. Mwaka 2014 mtandao wa wachumba wa OkCupid ulitoa takwimu za watumiaji wake wa Marekani: wanawake weusi walipewa alama za chini na wanaume wa karibu kila rangi, na wanaume wenye asili ya Asia walikuwa mkiani kwa wanawake wengi. Cha ajabu, wakiulizwa maswali, watu hao hao walizidi mwaka hadi mwaka kujibu kwamba rangi kwao si kitu. Juni 2020, baada ya George Floyd, mwanamume mweusi, kuuawa na polisi papa hapa mjini, programu ya wachumba ya Grindr nayo ikatangaza kuondoa kitufe cha kuchuja watu kwa asili yao. Vidole je, nani ataviondoa?

Sasa nyumbani. Kwetu hatuhitaji programu, tuna shangazi. Kaka yangu alipotaja mchumba, Tanga nzima iliuliza kabila kwanza, kisha dini. Shangazi akamalizia: "Binti ana adabu, ila mbona mweusi hivyo?" Yeye mwenyewe mkaa! Halafu tunashangaa mkorogo hauishi sokoni ilhali vipodozi vya zebaki vilishapigwa marufuku. Angalau shangazi husema waziwazi, ukabishana naye. Kaka alibishana, akaoa, na leo shangazi hashikiki kwa wale wajukuu.

Moyo haulazimishwi, sibishi. Ukimwona mtu asikuvutie, haki yako. Lakini kumkataa kila mtu wa rangi fulani hata sura yake hujaitazama, huo ni ubaguzi, uwe umefanywa na kidole au na kikao cha ukoo. Na wewe unayetafutiwa mchumba sasa hivi, hebu waulize wazee wameshawakataa akina nani bila wewe kujua.