Kwadi ya kwanza: mafundisho ya mchanga wa Swakopmund



Wengi wenu mnajua jina la Walvis Bay hata kama hamujafika kule. Ni bandari ya Namibia, kando ya bahari ya Atlantiki, na makamioni mengi yanayobeba shaba yetu yanakwenda kule. Kutoka Lubumbashi unapita Kasumbalesa, unakata Zambia yote mpaka Livingstone na Sesheke, kisha unavuka mto Zambezi kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2004. Ngambo ni Katima Mulilo, ndani ya Namibia. Halafu Rundu, Grootfontein, Otavi, Karibib, mpaka baharini. Ni safari ya kilometa zaidi ya 2000.

Nilifika kule pamoja na mwipwa wangu, kijana wa miaka 22, msaidizi wangu ndani ya kamioni. Tulingojea mzigo siku tano. Alikuwa na pesa mfukoni, pesa ya safari mingi. Lakini sehemu yake ilikuwa ya mama yake, dada yangu, kwa kununua malata ya nyumba. Mimi nilijua. Yeye hakujua kwamba ninajua.

Siku ya pili akanishika mkono, akanipeleka kwenye uwanja mmoja wanapouzisha vyombo vilivyokwisha kutumika.

— Mujomba, angalia ile!

Ilikuwa kwadi, ile moto ya magurudumu mane. Nyekundu, kubwa, Yamaha Raptor 700. Motere yake ni ya cc 686. Muuzaji akaiwasha, na uwanja wote ukatetemeka.

— Iko na nguvu, mujomba. Njia ya shamba ya nkambo ni mchanga na mashimo, gari haipiti. Nitabeba mihogo. Na siku ya Yenga vijana watalipa kwa kutembea nayo.

— Nguvu iko. Lakini wewe umekwisha kupanda kwadi siku gani?

Akanyamaza. Nikamwambia: "Kabla ya kununua, tupande kwanza. Kesho twende Swakopmund."

Mji kati ya bahari na jangwa

Kutoka Walvis Bay kwenda Swakopmund ni kilometa zaidi kidogo ya 30. Bahari iko kushoto, milima ya mchanga iko kuume, na barabara inapita katikati. Ni jangwa la Namib, moja la majangwa ya zamani sana duniani. Mvua karibu hakuna. Maji ya bahari ni baridi, na asubuhi ukungu mzito unaingia mpaka ndani ya nyumba. Hata pale watu wa migodi wako: karibu na Swakopmund kuna mgodi wa uranium wa Rössing, uliofunguliwa mwaka 1976.

Mji wenyewe ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1892, na nyumba zao zingali zinasimama. Lakini kwenye ukingo wa mji, pale mchanga unapoanza, tuliona kitu kingine: vichuguu vidogo vingi sana bila jina. Ni makaburi ya Waherero na Wanama waliokufa katika kambi ya Wajerumani, wakati wa vita vya miaka 1904 mpaka 1908. Kulikuwa wakati ambapo kwadi na magari ya mchezo yalipita juu ya makaburi yale, kwa sababu wenye kuyaendesha waliona mchanga tu. Sasa kuna ukuta mfupi. Mwipwa wangu alivua kofia, akasimama kitambo.

Saa moja juu ya mchanga

Pale wanapokodisha kwadi, kiongozi wetu alikuwa mama kijana wa kule. Hakuuliza tunataka kwenda mbio gani. Aliuliza: "Nani amekwisha kupanda?" Halafu akatupa mashini ndogo na kaski za kichwa.

Alitufundisha maneno machache. Upepo unasukuma mchanga upande mmoja wa mlima, pale mchanga ni mgumu na mteremko ni mpole. Ukifika juu, mchanga unamwagika upande wa pili, na pale ni laini, mkali, karibu digrii 33. Kwa hiyo unapanda moja kwa moja, hapana kwa ubavu. Ukishuka, unashuka moja kwa moja pia. Na usiruke kilele usichoona nyuma yake.

Mimi mzee nilikuwa wa kwanza kukosa. Katikati ya mlima niliogopa, nikaacha gazi. Kwadi ikasimama, magurudumu yakachimba, nikazama mpaka kwenye ekseli. Mwipwa wangu alicheka mpaka machozi, kisha akanisaidia kuchimba kwa mikono.

Lakini kicheko chake hakikukaa. Mlima uliofuata alipanda mbio, akitaka kunionyesha. Kiongozi akainua mkono, akapiga kelele. Kijana akafunga freni, akasimama hatua chache tu kabla ya kilele. Tulipanda kwa miguu, tukachungulia. Ngambo ya pili ilikuwa imekatika chini sawa vile ubavu wa terril ya Lubumbashi. Hakuna aliyesema kitu. Niliona mikono yake inatetemeka.

Akaniuliza polepole: "Mujomba, kama ingekuwa ile nyekundu?"

Sikujibu. Ile nyekundu isingesimama pale.

Namna ya kuchagua ya kwanza

Tuliporudi, tulikaa na fundi wao wa motere. Alitueleza mengi, nami ninayaandika hapa kwa ajili ya vijana wanaotamani kwadi.

Kwanza, nguvu ya motere. Kwa mtu mzima anayeanza, cc 250 hivi inatosha. Fundi alitutajia Honda TRX250X: motere ya cc 229, inapozwa kwa hewa, hakuna radiatere ya kutoboka porini. Unabadilisha vitesi kwa mguu bila kushika ambrayaje. Ni kweli, kwenye milima mirefu ya mchanga itachoka. Lakini anayeanza, kazi yake kwenye milima mirefu ni nini?

Pili, sheni. Kwadi mingi za mbio zinavuta kwa sheni, na mchanga unakula sheni upesi. Ile Honda inavuta kwa fimbo ya chuma iliyofungwa ndani ya bomba. Haitaki kazi mingi.

Tatu, filtre ya hewa. Hapa fundi alisimama kabisa. "Motere ya kwadi inakufa kwa vumbi," alisema. Filtre ya sponji inafuliwa, inakaushwa, inapakwa mafuta yake, na baada ya siku ya mchanga unaifanya tena. Ukitaka kununua kwadi iliyotumika, fungua sanduku la filtre, ingiza kidole nyuma yake, upande wa motere. Ukipata mchanga, funga, mshukuru muuzaji, nenda zako.

Nne, iwashwe ikiwa baridi. Muuzaji akikungojea na motere tayari moto, rudi kesho asubuhi bila kumwambia. Angalia moshi: wa buluu maana yake motere inakunywa mafuta yake. Shika kila gurudumu, litikise. Likicheza, beringi zimekwisha. Tazama chini kama chuma kimechomelewa. Soma namba ya shasi, ilingane na karatasi, kwa sababu kwenye duane ndipo utalia.

Tano, mipira. Ya kwadi haitaki hewa mingi, mara nyingi karibu bari 0,3 tu. Mpira laini unatembea juu ya mchanga; mpira mgumu unachimba.

Sita, piesi. Filtre, freni, beringi: utavipata wapi kwenu? Mashini ya sifa isiyo na piesi Kolwezi ni kiti cha kuku.

Saba, kwadi ya namna hii ni ya mtu mmoja. Anayepanda anahamisha mwili wake mbele, nyuma, pembeni; ukiweka mtu mgongoni, huwezi tena, nayo inapinduka. Tena si ya watoto. Kule Marekani ajali zilikuwa mingi, na mwaka 1988 viwanda vikubwa vikakubaliana na serikali kuacha kuuzisha zile za magurudumu matatu, na kwadi za motere iliyopita cc 90 zisiwekwe mikononi mwa asiyetimiza miaka 16.

Kidole nyuma ya filtre

Kesho yake tulirudi uwanjani, mapema, bila kutangaza. Mwipwa wangu mwenyewe aliomba kufungua sanduku la filtre. Aliingiza kidole. Alipokitoa kilikuwa cha rangi ya jangwa. Muuzaji alianza kupunguza bei. Kijana akafunga sanduku, akasema asante.

Njiani akanifungulia moyo, kwamba pesa nyingine haikuwa yake. Nikamwambia: "Ninajua." Tulicheka kidogo, halafu hatukucheka tena. Malata yalinunuliwa tulipofika Lubumbashi, na nyumba ya dada yangu haivuji leo.

Kwadi aliipata baada ya safari ine nyingine: ndogo, ya cc 229, yenye rangi imekwisha na motere safi. Kila siku ya Posho anafua filtre. Mama yake alipoomba kubebwa mpaka shamba, alikataa: "Mama, hii ni ya mtu mmoja." Mama alikasirika siku mbili.

Vijana wa kwetu, neno moja la mwisho. Hapa hatuna jangwa, na wengine wanatafuta mchanga wa kuchezea kwenye terril na kwenye taka za usine. Musipande kule. Juu panaonekana pagumu, kumbe ndani ni matope au ni shimo, na vumbi lake liko na madini yanayoingia kifuani. Njia ya shamba inatosha kujifunza. Mukiona mlima, mushuke kwanza, mupande kwa miguu, muchungulie ngambo.