Moshi Niliouita Ukungu

Neno mandhari lilitujia kutoka Kiarabu, na shina lake ni lile la kutazama. Nadhari na nadharia ni ndugu zake. Kwa miaka zaidi ya thelathini niliwaambia wanafunzi wangu kwamba mandhari si ardhi peke yake, bali ni ardhi pamoja na jicho linaloitazama. Nilikuwa nikilisema jambo ambalo sijalielewa. Nimelielewa baada ya kustaafu, hapa Simbo, na limenigharimu neno moja.

Mwaka juzi kijana niliyepata kumfundisha, ambaye sasa ni mchoraji, aliagizwa picha tano za mandhari na mtu mmoja mpenda picha, aliyejenga nyumba Kigoma mjini. Zilikuwa za kupamba sebule na chumba cha kulia. Masharti yalikuwa machache: ziwa, milima, michikichi na machweo, watu wasiwemo. Watu, alisema, huyachosha macho.

Kijana alikuja kukaa kwetu wiki mbili. Anayeijua Simbo anajua kwamba michikichi yake haisimami bure. Kuna wanaoikwea na kuangusha mikungu, kuna chikichi zinazochemka mapipani, na kuna akina mama wanaokamua mawese, mikono yao imekolea rangi ya chungwa hadi viwikoni. Kijana aliwachora wote kwanza. Alisema mkono wake haukujua njia nyingine ya kuanza. Kisha akawafunika kwa rangi ya majani, mmoja baada ya mwingine.

Ziwa halikumpa taabu hiyo. Usiku wa giza, taa za wavuvi wa dagaa hujipanga juu ya maji mbele ya Ujiji kama mtaa mzima. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi hupumzika. Mteja alitaka mbalamwezi. Picha ile ya ziwa tupu, basi, haikumsingizia mtu.

Katika picha ya michikichi ulibaki moshi wa mapipa, mwembamba, ukipita kati ya mashina. Mteja aliupenda kuliko vyote. Alidhani ni ukungu.

Nikaombwa nizipe picha majina ya Kiswahili fasaha. Ya tatu niliiandika "Ukungu wa Alfajiri". Nilijua kilichokuwa kikichemka pale. Nyumba yangu yenyewe inanuka moshi ule. Lakini jina lilikuwa tamu, mteja angefurahi, na bahasha ilikuwa mezani. Nilipomsomea kijana, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole: "Mwalimu, mimi nimefuta watu. Wewe umefuta hata moshi wao."

Sikupata jibu. Yeye alikuwa na ada za watoto za kulipa. Mimi nilikuwa na pensheni yangu.

Sisemi kwamba kazi ya kuagizwa ni kazi ya aibu. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ulitungwa kwa ajili ya mtawala, nasi tunauheshimu hadi leo. Na ng'ambo ya ziwa letu, mbali kusini, katika mji wa Lubumbashi, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alikuwa akiuza picha za kutundikwa sebuleni mwa watu wa mjini. Katika miaka ya 1973 na 1974 alimpata mnunuzi wa namna nyingine, mwanaanthropolojia Johannes Fabian, ambaye pamoja na kununua alikaa kumsikiliza. Tshibumba akamchorea historia yote ya nchi yake kwa picha zaidi ya 100, na kila moja akaieleza kwa Kiswahili cha Shaba. Kiswahili kile kingetiwa wino mwekundu mwingi darasani mwangu. Hata hivyo, kiliwataja waliokuwemo pichani na waliyotendewa, na kitabu kilichotoka mwaka 1996 kimeyahifadhi maneno hayo pamoja na picha zenyewe.

Naweka Kiswahili chake kando ya changu. Changu kilikuwa sanifu, hakina kosa la upatanisho wa kisarufi, na kilisema uongo. Sisi watunzi twapenda sana ukungu, umande na mbalamwezi. Huenda mara nyingine tunavipenda kwa kuwa havina jasho wala havidai ujira.

Mwezi uliopita nilimwandikia mwenye nyumba barua, nikamweleza ukweli na kumwomba abadili jina la picha ya tatu. Alinijibu kwa adabu kwamba vibao vya shaba vimekwisha kuchongwa na kupigiliwa ukutani, na kwamba wageni wake hulisifu sana jina lile.

Basi naliandika hapa, mbele ya wanaojali maneno. Picha ya tatu inaitwa "Moshi wa Mawese". Chini ya rangi ya majani, upande wa kushoto, wako akina mama wanne.