Miguu Ilichoka, Mkono Ukagoma

Likizo iliyopita nilimsaidia mjomba kupeleka ndizi Bujumbura kwa baiskeli. Anayeijua barabara ya Bugarama atanielewa: kushuka ni kona na mteremko mpaka mjini, kurudi ni mlima mtupu. Wengi hupanda wakiwa wameshikilia nyuma ya lori. Mjomba alinikataza.

"Mama yako alinikabidhi mtoto mzima," alisema.

Basi nikapanda kwa nguvu za miguu yangu. Tulipofika juu tulifunga mikungu mitatu kwenye kerieri, tukaanza kushuka papo hapo. Kwenye kona ya tatu nikabana breki na vidole vikakataa. Mapaja kutetemeka nilikutegemea, lakini mkono? Niliingia mtaroni, mkungu mmoja ukabiringika barabarani, na lori likaupondaponda.

"Mbona hukupiga breki?"

"Nilipiga, mjomba."

Hakuniamini. Alidhani nilikuwa nacheza, na neno hilo liliniuma kuliko goti lililochubuka.

Chuoni nikaanza kusoma. Mwanafiziolojia wa Turin, Angelo Mosso, aliyechapisha kitabu kuhusu uchovu mwaka 1891, alitengeneza chombo cha kupima kazi ya kidole cha kati kinapoinua uzito mara kwa mara. Aliwapima walimu wenzake kabla na baada ya kutahini wanafunzi kwa mdomo. Baada ya mitihani, kidole kilichoka mapema. Wahadhiri wetu watafurahi kusikia hivyo! Kidole hakikuwa kimefanya kazi yoyote. Kilichofanya kazi ni kichwa.

Ndipo nikaelewa kwamba msuli hauamui peke yake. Msuli uliochoka hupeleka habari kwenye ubongo kupitia mishipa ya fahamu, nao ubongo unaweza kupunguza amri zake hata kwa misuli iliyopumzika. Tena mabaki ya kazi ya msuli, kama asidi ya laktiki, huingia kwenye damu, na damu haina mpaka kati ya mguu na mkono. Wataalamu bado wanabishana. Majaribio mengi hayaoni tofauti mtu anapobana kwa nguvu mara moja tu. Tofauti huonekana zaidi anapotakiwa kubana kwa muda mrefu. Na breki za Bugarama hubanwa muda wote.

Nakiri kwamba mkono wangu haukuwa umelala. Ulishika usukani mlima mzima. Kwa hiyo sina hakika ni sehemu gani ya udhaifu ule ilitoka miguuni. Hata hivyo nilimpigia mjomba simu nikamweleza yote. Alikaa kimya, kisha akaniuliza huyo Mosso aliwahi kubeba ndizi.

Siku hizi tukifika juu huagiza chai kwanza. Kisha hunipa vidole vyake viwili nivibane. Akiona ubano ni hafifu, huagiza kikombe cha pili.